Kinga Mikono Kabla ya Kumimina

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, mbele ya kibanda cha kuziba pancha, na yeyote aliyewahi kulikalia anajua kwamba wa upande huu akinyanyuka bila kutoa taarifa, wa upande ule anakwenda chini. Kwa hiyo watu wa hapa hunyanyuka kwa makubaliano, na kwa kuwa hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hukaa mpaka jua liwachoke. Mwenye ubao ni Mjomba Pancha, mzibaji matairi, ambaye ana methali kwa kila tukio na hakuna hata moja inayolingana na tukio. Ncha ya ukutani, na kisanduku chake cha misumari na gundi, hukaa Profesa, fundi viatu, aliyepewa cheo hicho kwa sababu husoma kila gazeti linalokuja limefungia viatu vya wateja, liwe la jana au la miaka sita nyuma, na habari zote huzitangaza kama zimetoka asubuhi ile. Katikati yao kuna Dada Birika, muuza kahawa, jiko lake la mkaa, vikombe vyake vidogo, na ndoo ya kusuuzia vikombe ambayo ole wako uiguse. Siku hiyo saa nane mchana alitokea Kambare, anatembea kama aliyebeba mayai.

Kambare ni mtunza bustani wa nyumba ya wageni iliyo kona ya pili. Jina amelipata kwa kuwa miaka kumi na miwili sasa kila asubuhi humkuti pengine ila ndani ya bwawa la pale, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kifuani alikumbatia mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na chupa.

— Kambare, umebeba nini hicho umekikumbatia kama mtoto mchanga? aliuliza Dada Birika.

— Rangi.

— Ya nyumba?

— Ya bwawa.

Nyundo ya Profesa ikasimama hewani. Mjomba Pancha akaacha tairi lijizungukie lenyewe.

— Rangi ya nini?

— Ya bwawa, Mjomba. Ya kutia kwenye maji.

— Haya, alisema Mjomba Pancha akijifuta mikono. Ukuta unapakwa, naelewa. Mlango unapakwa, naelewa. Kucha za mke wangu zinapakwa, sielewi lakini nimezoea. Sasa maji utayapaka kwa brashi gani?

— Hayapakwi, yanamiminiwa. Yanakuwa ya bluu.

— Na yakikauka?

Kambare alivuta pumzi. Alikuwa na haraka, ila ukifika kijiweni na haraka yako unaambiwa uiegeshe. Akaketi ncha ya pili ya ubao, akaeleza kwa ufupi. Bwawa limeota ukijani. Siku mbili mfululizo ameuchota kwa wavu, toroli baada ya toroli, na kila akigeuza mgongo unarudi. Muuzaji wa duka la pembejeo kamwambia ukijani ule unakula jua, na rangi hii ikiingia majini inalizuia jua lisifike chini, basi ukijani unashinda njaa. Na maji yenyewe yanapendeza papo hapo.

— Na ni lazima yapendeze leo, alimalizia. Mama mwenye nyumba ametoka, anarudi saa kumi. Kasema wageni wanalalamika, akikuta maji bado ni mchuzi wa mboga, bwawa analifukia. Anataka pawe maegesho ya magari.

— Na samaki?

— Kasema nikaange.

Kila mtu pale alijua habari za samaki wale arobaini na mmoja. Kambare mwenyewe ndiye aliyelichimba lile shimo, na ndiye aliyewaleta wakiwa wadogo wa kujaa kopo moja la maziwa. Aliwajua mmoja mmoja. Yule mkubwa kuliko wote, mwenye pezi lililochanika, alimwita Bibi, na mtu akimcheka kwa hilo alimwacha acheke. Alilipenda bwawa lile na hakuona haya kusema. Mke wake alipofariki, pale ndipo mahali pekee alipoweza kukaa bila mtu kumwambia ajikaze.

— Sasa unangoja nini hapa? Si ukamimine? aliuliza Dada Birika.

— Nimekuja kwa Profesa anisomee.

Akatoa chupa mfukoni. Ilikuwa nyeupe, na karatasi yake ilijaa maandishi madogo kama mchanga. Yule dada wa dukani alikuwa mwema. Alimuuliza kama samaki wamo, akamhakikishia hawatadhurika. Alimuuliza kama kuna mtu anayachota maji kwa kunywa, Kambare akamwambia hakuna. Kisha yule dada akamwonya: ikishachanganyika na maji haina neno, ubaya wake ni ikiwa bado imo chupani, maana imekolezwa, na tone moja linafanya kazi ya ndoo. Soma maelekezo yote, baba, kabla hujafungua. Halafu wakaingia watu wa mbolea, wakamsukuma pembeni, na Kambare hakupata nafasi ya kusema kwamba miwani yake ilitumbukia bwawani mwezi uliopita, na kwamba mpaka leo huenda kuna samaki anayesoma vizuri kumshinda yeye.

Profesa alipokea chupa kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakohoa.

— Rangi ya bwawa, iliyokolezwa. Iliyokolezwa, mnaelewa maana yake?

— Kama chai, alisema Dada Birika.

— Sio kama chai! Kukolezwa ni jambo la kisayansi. Nilisoma juzi. Wanachukua bahari nzima, wanaichemsha miezi sita mpaka inabaki kikombe. Humu ndani, Kambare, umebeba bahari.

— Ndiyo maana nzito, alisema Kambare, kwa adabu tu.

— Sasa sikilizeni mimi, alidakia Mjomba Pancha. Samaki anakunywa nini? Maji. Akinywa ya bluu anakuwaje? Bluu. Atakayemla?

— Hawaliwi, Mjomba.

— Nasema atakayemla! Naye bluu. Akizaa, mtoto bluu. Ndio maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hapo wahenga walikuwa wanasema malezi, alisema Dada Birika.

— Na watoto wa bluu hawahitaji malezi?

— Hayo ya samaki madogo, alisema Profesa. Ninyi mmesahau jua. Jua linafanya nini kwa maji? Linayavuta juu. Yakifika juu yanakuwa wingu. Wingu la bluu mtalionaje kwenye mbingu ya bluu? Hamtaliona! Mvua itawakuta watu wameanika nguo, wanatazama juu, wanasema leo kweupe, kumbe wingu liko palepale limevaa sare. Mashuka ya mtaa mzima, bluu. Halafu watauliza, nani kaanza? Kambare.

Kambare alijua ni upuuzi. Lakini upuuzi ukisemwa na mtu aliyeshika chupa yako, na saa inakwenda, unaanza kuona haya kuukataa.

— Profesa, endelea kusoma, nakuomba.

— Naendelea. Mstari wa pili, kwa herufi kubwa. Kinga mikono kabla ya kumimina.

Akaishusha chupa, akawatazama mmoja mmoja kama aliyetoa hukumu.

— Mmesikia? Kinga mikono.

— Avae glavu, alisema Dada Birika. Akinge mikono, isiingie rangi.

— Wewe dada, uza kahawa. Kukinga mikono hukujui? Mvua ikinyesha unakinga nini? Ndoo. Unaikinga ili maji yasiingie? Si ili yaingie! Ukipewa karanga unakinga mikono, hivi, alisema Profesa, na akaunganisha viganja vyake vikawa bakuli. Kinga mikono, kabla ya kumimina. Ni kipimo! Mtu anakinga, unammiminia viganja viwili, ndio kiasi cha bwawa moja. Wataalamu hawa wanajua kila mtu ana mikono, vijiko vinapotea.

— Profesa, kinga ni kitu cha kujilinda.

— Kinga ni kitu cha kupokea.

— Wote mmepotea, alisema Mjomba Pancha, na sauti yake ikashuka. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hii kitu inalipuka.

Wote wakalitazama jiko. Dada Birika akalivuta nusu hatua, asionekane kuwa kaamini.

— Kinga ya methali ni kijinga cha moto, Mjomba. Ukuni.

— Basi wangeandika ukuni.

— Labda ni ile ya kufunga mkononi, alisema Profesa akitafakari. Ya uzi mweusi. Maana bahari nzima ikiwa kwenye chupa, haiwezi kukosa wenyewe.

— Si ulisema ni kipimo?

— Msomi habanwi na jibu moja.

Kambare alitazama kivuli cha ukuta, kilikuwa kimeshafika kwenye mguu wa benchi. Hiyo ni saa tisa kasoro. Kati ya glavu, moto, uzi mweusi na viganja, alichagua kama mtu aliyechoka anavyochagua: kile alichokuwa nacho karibu. Mikono alikuwa nayo.

— Haya, tujaribu kidogo, alisema. Tone tu, tuone lilivyo.

Akainuka, akakinga mikono.

Sasa hapa pana makosa mawili, na ni haki kuyagawa. La kwanza ni la Kambare, kuinuka bila kutoa taarifa. La pili ni la Profesa, aliyekuwa upande wa pili wa ubao, na kifuniko tayari ameshakizungusha. Benchi likafanya kama kawaida yake. Profesa akaenda chini, chupa ikaenda juu, na tone likawa sio tone.

Viganja vya Kambare vilijaa. Rangi nyingine ikapita katikati ya vidole, ikashuka mpaka viwikoni. Ilikuwa bluu ambayo hajawahi kuiona. Haikuwa bluu ya anga wala ya sare ya shule, ilikuwa nyeusi ikiwa nzito na ikageuka ya kung'aa kila ilipotiririka. Kisha upepo, ambao mchana kutwa ulikuwa umelala, ukaamka.

— Shika chupa! Shika chupa!

Mjomba Pancha akaidaka, kwa mikono yote. Profesa, bado yuko chini, akajifuta uso na ile mikono iliyomimina, akawa na paji la uso la rangi mbili.

— Usijiguse macho! alipiga kelele Dada Birika. Baba we, usijiguse macho! Kambare, tulia, usikung'ute!

Kambare alikuwa ameshakung'uta. Matone matatu, labda manne, yakaruka yakatua kwenye ndoo ya kusuuzia vikombe.

Wote walisogea wakaitazama ndoo, hata Dada Birika ambaye ndoo ilikuwa yake na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yale matone yalishuka polepole kama moshi uliogeuzwa miguu juu. Yakajitanua, yakapotea, na maji yote yakawa bluu, laini, mazuri. Vikombe vilivyokuwa chini havikuonekana tena.

— Matone matatu, alinong'ona Kambare. Ndoo nzima.

Alisahau mikono yake. Alimwona Bibi akipita katika rangi ile, pezi lake lililochanika likitokea na kupotea, na wageni wameinama ukingoni wanaonyeshana. Moyo ulimpiga kwa furaha mpaka akacheka peke yake.

— Unacheka? alisema Dada Birika. Vikombe vyangu kumi na vinne viko huko chini, na wewe unacheka? Nani sasa atakunywa kahawa kwenye kikombe kilichooga bahari? Kahawa imekwisha! Nimefunga!

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Mjomba Pancha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake methali ililingana, lakini hakuna aliyekuwa na utulivu wa kumpongeza.

Wakajaribu kunawa. Sabuni ya kipande ikageuka bluu, mikono ikabaki vilevile. Mjomba Pancha akasema petroli inatoa kila kitu, akaenda kuchukua kopo, na Dada Birika akasimama mbele ya jiko lake na koleo mkononi akamwambia apige hatua moja tu na hiyo petroli, aone. Hapo ndipo alipoichukua chupa aliyoidaka Mjomba, akaifuta kwa kitambaa, akaisogeza machoni, akasoma mwenyewe, pole pole, kidole kikifuata maneno.

— Kinga mikono kabla ya kumimina. Vaa glavu za mpira na nguo kuukuu. Haya, Profesa, neno la pili baada ya uliposimama. La pili!

— Nilikuwa bado sijafika.

— Usimimine palipo na upepo. Chupa isiinamishwe inapobebwa. Mimina taratibu pembezoni mwa bwawa, sehemu mbalimbali. Chupa moja yatosha bwawa la ukubwa wa kati. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni. Rangi itaisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Isiwekwe karibu na vyombo vya chakula.

Alipofika kwenye vyombo vya chakula aliwatazama wanaume watatu, na wanaume watatu wakatazama viatu vya wateja.

— Imebaki kiasi gani? aliuliza Kambare.

Dada Birika akaiinua, akaipima uzito kwa mkono.

— Robo tatu. Tuseme robo tatu na huruma ya Mungu.

— Inatosha?

— Umeona ndoo. Itatosha. Lete mikono hiyo.

Akatoa mifuko miwili ya nailoni, ile anayowekea sukari, akamvisha kama mtoto anayekwenda kwenye baridi. Mjomba Pancha akakata vipande viwili vya mpira wa tyubu, akamfunga kwenye vifundo vya mikono, akavuta mpaka Kambare akalalamika.

— Hiyo haivuji, alisema Mjomba. Na ikivuja, nina kiraka.

Profesa, paji la uso likiwa bluu, alikizungusha kifuniko akakikaza, akaisimamisha chupa katika mfuko, akaufunga mafundo mawili. Kwa Profesa, huko ndiko kuomba radhi.

Ndipo lori lilipokuja. Lilikuja polepole, likipinda kona kwa taabu, mgongoni limejaa kifusi: matofali yaliyovunjika, udongo, vipande vya zege. Likasimama mbele ya benchi. Dereva, kijana mwenye taulo shingoni, akatoa kichwa dirishani.

— Shikamooni wazee. Dada, habari za kazi. Samahani, naulizia nyumba ya wageni, ile yenye bwawa. Nimeambiwa nimwage kabla ya saa kumi.

Kumbe mama mwenye nyumba hakungoja hata kurudi. Alikwishaagiza. Kambare akaukumbatia mfuko wake.

Watu wa benchi lile, tangu ubao ulazwe juu ya ringi, hawajawahi kuulizwa kitu wakakosa jibu. Wamejibu maswali ya mwezi, ya vita, ya ndoa za watu wasiowajua. Mjomba Pancha akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Dada Birika. Dada Birika akatazama kifusi, kisha mifuko ya sukari kwenye mikono ya Kambare. Mikono ya bluu ya Mjomba na ya Profesa ikaingia mifukoni mwa suruali, mmoja mmoja.

— Bwawa? alisema Profesa.

— Ndiyo, mzee. Bwawa.

— La maji?

— Kwani kuna la nini?

— Mjomba, sisi tuna bwawa hapa?

— Mimi nimekaa mtaa huu miaka thelathini, alisema Mjomba Pancha, akikuna kidevu begani. Visima nimesikia.

— Nyumba ya wageni, kona ya pili au ya tatu, nimeambiwa.

— Sasa hapo pana mjadala, alisema Profesa, na akapangusa nafasi pembeni yake kwa kiwiko. Maana kona ya pili inategemea umeanza kuhesabu wapi. Shuka, kijana, jambo hili halijibiwi mtu amesimama.

— Nina haraka, mzee.

— Haraka utaikuta. Dada Birika, mgeni hana kahawa?

— Anayo, alisema Dada Birika, aliyekuwa amefunga, na akamimina kwenye kikombe chake mwenyewe, kile kimoja ambacho hakikuwemo ndooni. Shuka, kaka. Hii ya kwanza siuzi.

Dereva akasita. Kambare alikuwa ameshapiga hatua tatu, chupa imesimama wima kifuani, viganja vya nailoni vikisugua kwa kelele. Hakukimbia, maana maelekezo yalisema chupa isiinamishwe. Machozi yalimlenga, na hakuweza kuyafuta.

— Hebu tuambie wewe, mtu wa barabarani, unayeona mengi, alisikia Profesa akisema nyuma yake. Hivi samaki, akiwa ndani ya maji, anajua kuwa amelowa?

— Hajui, alisema Mjomba Pancha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mlango wa lori ukafunguka. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimwa. Ubao ukalia, kama ulivyo kawaida mtu mzito akikaa upande mmoja.

— Hapana, wazee, alisema dereva. Hapo sikubaliani nanyi hata kidogo.